Wasomaji Wanauliza: Kupiga, Kupigapiga na Kipigo

Barua tatu kati ya zilizofika mezani kwetu mwezi huu zinahusu neno moja la Kiingereza, yaani "batter", pamoja na maneno yaliyo jirani nalo. Nimeziweka mahali pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zilizofuata, kwa kuwa jibu lake litaingia kwenye jalada la kesi, na mtu mwenye kesi hiyo yuko hai na anasubiri.

SWALI

Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Posta, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kutafsiri nyaraka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Hivi karibuni nilipewa maelezo ya mama mmoja, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na watu waliompokea alipokimbia nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na sentensi inayosema kwamba yule mama alikuwa "battered" na mumewe. Nikaandika "alipigwapigwa na mumewe". Wakili ninayemfanyia kazi akalikata neno langu na kuandika "alipigwa". Nilipomweleza kwamba neno la Kiingereza lina maana ya kupiga tena na tena, alisema Kiswahili hakina neno la namna hiyo, na kwamba "alipigwa" inatosha. Tunaomba utuamue.

Karani, Posta, Dar es Salaam

JAWABU

Ndugu Karani, wakili wako alikuwa na haki ya kuliondoa neno "alipigwapigwa", lakini hakuwa na haki ya kusema kwamba "alipigwa" inatosha, na wala si kweli kwamba Kiswahili kimeishiwa maneno katika jambo hili. Naomba nieleze moja baada ya jingine.

Kitenzi "batter" kina asili ya Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kilikitoa kwenye Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kupiga. Kinachokitofautisha na vitenzi vingine vya kupiga ni silabi yake ya mwisho. Zamani Kiingereza kilikuwa na desturi ya kutia "-er" mwishoni mwa kitenzi ili kuonyesha kwamba tendo linarudiwa. Kwa mfano, "pat" ni kugusa kwa kiganja mara moja, na "patter" ni mshindo mwepesi unaofuatana, kama wa matone ya mvua juu ya bati. "Wave" ni kupunga, na "waver" ni kuyumba huku na huku bila kutulia. Kwa hiyo anayesoma "batter" kwa Kiingereza huyapata mambo mawili kwa pamoja: kwamba mapigo yalikuwa mengi, na kwamba yalikuwa mazito kiasi cha kuharibu. Ukuta ulio "battered" ni ule uliogongwa hadi ukalegea, na gari lililo "battered" ni lile tunaloliona kila siku barabarani, lililobonyeabonyea kila upande na kuchubuka rangi.

Sasa tuje kwenye "kupigapiga". Ni kweli kwamba Kiswahili hurudia kitenzi ili kuonyesha kwamba tendo limefanyika zaidi ya mara moja, na ukisema umekatakata kitunguu au umepondaponda karanga, kila mtu anaelewa kwamba hukuishia kwenye pigo moja la kisu wala la mchi. Lakini mara nyingi marudio haya hubeba maana ya pili, nayo ni wepesi, au kufanya jambo bila lengo kubwa. Anayetembeatembea ufukweni Coco hana safari, mtoto anayelialia hana maumivu ya kumtisha mama yake, na mteja anayegusagusa vitambaa Kariakoo huenda asinunue kabisa. Kitenzi "piga" kimeelemea sana upande huu. Mama aliyemaliza kunyonyesha humweka mtoto begani, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kidogo hadi mtoto abeue. Fundi cherehani hulipigapiga shati lililotoka kwenye pasi ili kulilaza vizuri. Mgeni hupigapiga suruali yake kutoa vumbi kabla hajaketi. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "alipigwapigwa na mumewe" atapata picha ya makofi mepesi, pengine hata ya utani. Huyu ni mama aliyekimbia nyumba yake, na neno lako, ingawa ulilichagua kwa nia njema, lingempunguzia uzito wa yaliyomfika.

Hata hivyo, "alipigwa" inapunguza kwa njia nyingine. Sentensi hiyo ni kweli kwa mtu aliyezabwa kofi moja siku moja, na ni kweli vilevile kwa mtu aliyeishi miaka katika kipigo, kwa sababu kiambishi "-li-" kinatuambia tu kwamba jambo lilitokea zamani, hakituambii lilitokea mara ngapi. Hakimu anayesoma "alipigwa" atafikiria tukio moja, na itambidi mtu mwingine amweleze kwa mdomo kile ambacho Kiingereza kilikuwa kimekisema kwa maandishi. Katika tafsiri ya maelezo ya mtu aliyeumizwa, hilo ni pengo, na halifai kuachwa lipite.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kurudiwa kwa mapigo kuna namna mbili, na neno la Kiingereza halizitofautishi. Namna ya kwanza ni mapigo yanayofuatana ndani ya tukio moja: mtu amekamatwa usiku mmoja, akapigwa ngumi, akaanguka, akapigwa mateke akiwa chini, akainuliwa na kupigwa tena. Namna ya pili ni matukio yanayorudi: mwezi huu, mwezi ujao, baada ya mshahara, baada ya msiba, mwaka huu na mwaka uliofuata. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika "battered" akiwa na maana yoyote kati ya hizo mbili, au zote kwa pamoja. Kiswahili kinakutaka uchague, na mimi naona hiyo ni heri kwa sababu inamlazimu mfasiri kuuliza. Kwa namna ya kwanza tunasema "alimpiga mfululizo", "alimshushia kipigo", au "alimpiga ngumi na mateke bila kumpa nafasi". Kwa namna ya pili kazi hufanywa na nyakati za kitenzi pamoja na kielezi: "alikuwa akimpiga mara kwa mara", "amekuwa akimpiga tangu walipooana", "humpiga kila anapolewa". Tazama tofauti kati ya "alikuwa akimpiga" na "amekuwa akimpiga": ya kwanza inasema kwamba mambo hayo yamekoma, ya pili inasema kwamba yanaendelea hadi leo. Kama yule mama bado anawindwa, tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua kama mtu ataandika ombi la ulinzi au hataandika.

Nakuomba basi, kabla hujaweka kalamu chini, urudi kwenye maelezo yote, si sentensi hiyo peke yake. Tafuta tarehe. Tafuta kama kuna fomu ya polisi, ile PF3, na uone daktari ameandika nini kuhusu majeraha, kama yote ni mapya au kama kuna makovu. Ukikosa jibu kwenye karatasi, mwombe wakili amuulize mwenyewe, kwa upole na faraghani.

Kwamba kurudiarudia ndiko kiini cha neno hili, na si pambo, tunaona vizuri katika historia yake ya karibuni. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake, waliokuwa Denver nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani makala kuhusu watoto wadogo walioletwa hospitali wakiwa na majeraha ambayo wazazi walieleza kuwa ni ya kuanguka. Picha za eksirei zilionyesha jambo jingine: mifupa iliyovunjika nyakati tofauti, mmoja umeshaunga, mwingine unaanza kuunga, mwingine mbichi kabisa. Mtoto aliyeanguka mara moja hawi na mifupa ya namna hiyo. Madaktari hao walihitaji neno la kusema "amepigwa, na si leo tu", wakachagua "battered". Katika miaka ya 1970 neno hilohilo likahamishiwa kwa wanawake wanaopigwa na waume zao, wakati nyumba za kuwahifadhi zilipoanza kufunguliwa, mojawapo ikiwa ile ya Erin Pizzey huko Chiswick, London, mwaka 1971. Aliyeandika maelezo ya mama yule alilichagua neno hilo akijua lilikotoka, na mfasiri anapaswa kulipokea pamoja na historia yake.

Sheria zetu nazo hazikunyamaza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kumpiga, hata kama kuna mila inayosema vinginevyo. Kifungu cha 107 cha sheria hiyo kinautaja ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kuwa miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 241 kuhusu shambulio la kudhuru mwili, na hilo ndilo jina la kosa unalolisikia likisomwa mahakamani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yameongeza uzito wa kazi yako, ndugu yangu. Zamani tafsiri ya karani ilikuwa msaada wa pembeni. Sasa inaweza kuwa ndiyo karatasi anayoisoma hakimu.

Kuhusu nomino, tunalo neno zuri ambalo wakili wako amelisahau. "Pigo" ni la mara moja. Ngumi moja ni pigo, na hata habari mbaya iliyokuja ghafla tunaiita pigo. "Kipigo" ni tendo zima, tangu ngumi ya kwanza hadi pale mpigaji alipochoka au alipozuiwa. Mtu hupata pigo, lakini hupokea kipigo. Magazeti yanapoandika kwamba fulani amefariki "kutokana na kipigo", hakuna msomaji anayedhani ni ngumi moja. Kiswahili kilikuwa nalo neno hili siku zote. Kinachonisikitisha ni jinsi kurasa za michezo zinavyolichosha, kwa kuwa kila timu iliyofungwa mabao 3 kwa sifuri huandikwa imepokea kipigo, na ikifungwa 5 huandikwa imepokea kipigo kizito. Haitufai kuliacha neno lichakae uwanjani halafu likose nguvu pale linapohitajika kwa kweli.

Yapo pia maneno ambayo nakusihi uyakatae hata kama mkubwa wako atayapendekeza. Usiandike kwamba mume "alimrudi" mkewe, wala "alimtia adabu", kwa sababu maneno hayo yanampa mpigaji cheo cha mwalimu na kumfanya aliyepigwa kuwa mwenye kosa. Usiandike "ugomvi wa nyumbani", maana ugomvi una watu wawili wanaogombana, na katika maelezo haya kuna mmoja anayepiga na mmoja anayepigwa. Usikimbilie pia "ukatili wa kijinsia" kama mbadala wa "battered". Neno hilo ni sahihi na lina kazi yake kubwa, lakini ni pana: linachukua matusi, kunyimwa matumizi, kufungiwa ndani na mengine mengi, na hakimu akilisoma peke yake hatajua kama mkono uliinuliwa au haukuinuliwa. Liweke kwenye kichwa cha waraka ukipenda, kisha ndani useme waziwazi kilichotendeka.

Kama maelezo yanathibitisha kwamba mambo hayo yalidumu, basi mimi ningeandika hivi: "Katika muda wote wa ndoa yao mume wake alikuwa akimpiga mara kwa mara." Kama ni usiku mmoja, ningeandika: "Mume wake alimshushia kipigo, akimpiga mfululizo kwa ngumi na mateke." Sentensi zote mbili ni ndefu kuliko neno moja la Kiingereza, na hilo lisikutie wasiwasi. Na kila inapowezekana, mtaje mpigaji mwanzoni mwa sentensi. "Alipigwa" inaweza kusimama bila mtu, lakini "mume wake alimpiga" haiwezi.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Mbagala. Katika kitabu cha mapishi cha Kiingereza nimeona neno "batter" likitumika kwa unga wa kukaangia samaki. Kaka yangu, ambaye anapenda kriketi, ananiambia kwamba "batter" ni mchezaji. Mwalimu wetu wa fizikia naye alituambia kwamba neno betri linatokana na kupiga. Je, yote haya ni neno moja? Na kupiga kuna uhusiano gani na redio?

Mwanafunzi, Mbagala

JAWABU

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako wa fizikia amekuambia kweli.

Unga wa kukaangia samaki umeitwa hivyo kwa sababu hupigwa. Ukimwangalia mama anayetengeneza chapati za maji, utaona kwamba hakorogi mara moja tu akaacha. Hutia maji kidogo kidogo, huvunja mabuje kwa mgongo wa mwiko, kisha huupiga ule mchanganyiko kwa haraka hadi uwe laini na uanze kutoa mapovu madogo. Unga wa namna hiyo, unaomiminika, ndio Waingereza wanaouita "batter". Ule mzito unaokandwa kwa mikono, tunaouita donge, wao wana jina lingine kwa ajili yake. Nasi tunasema "piga mayai" bila kumfikiria mtu yeyote aliyeumizwa, kwa hiyo wazo hili si geni kwetu. Ukitafsiri maelekezo ya mapishi, usiseme unga tu, kwa sababu msomaji atachovya samaki kwenye unga mkavu. Sema "unga uliopigwa kwa maji", au kwa maziwa na mayai kama ndivyo ilivyoandikwa.

Mchezaji wa kriketi ni jambo jingine, ingawa herufi ni zilezile. Hapo neno limetokana na "bat", yaani kile kigongo bapa anachoshika mchezaji, na mwisho wake ni "-er" ya mtenda, kama ile ya "teacher" au "driver". Haina maana ya kurudiarudia. Klabu ya Marylebone ya London, ambayo ndiyo mtunzaji wa sheria za kriketi, ilitangaza Septemba 2021 kwamba itatumia "batter" badala ya neno la zamani lililokuwa na maana ya mwanamume mwenye kigongo, kwa kuwa wanawake nao wanacheza. Kwa Kiswahili hatukuwa na tatizo hilo tangu mwanzo: "mpigaji" ni mwanamume au mwanamke, na kaka yako anaweza kulitumia kesho akienda kutazama mechi Upanga.

Sasa redio. Neno "battery" kwanza lilikuwa na maana ya kupiga, kisha likawa jina la mizinga iliyopangwa pamoja kwenye mstari ili iipige ngome kwa wakati mmoja. Mwaka 1749 Benjamin Franklin, akiwa Philadelphia, alikuwa akifanya majaribio ya umeme. Alichukua vioo 11 vya dirisha, akavibandika bamba nyembamba za risasi pande zote mbili, akaviunganisha ili umeme uliohifadhiwa ndani yake utoke kwa pamoja, na chombo hicho akakiita kwa jina lile la mizinga. Unaona jinsi alivyowaza: kimoja kimoja kina nguvu ndogo, vikipangwa na kufyatuka pamoja vina nguvu kubwa. Baadaye jina likahamia kwenye vyombo vinavyozalisha umeme kwa kemikali, likavuka bahari, na likatufikia sisi kama betri. Ukifungua tochi yako na kukuta vipande viwili au vitatu vimepangwa kwa mstari, umeona mpango uleule wa mizinga.

Kwa kuwa umeuliza kwa makini, nakuongezea jambo moja ambalo huwachanganya hata watu wazima. Katika sheria za Kiingereza "battery" pia ni kosa la kumgusa mtu kwa nguvu bila ridhaa yake, na hapo halina sharti la kurudiwa wala la kuumiza. Kofi moja linatosha. Hata kumtemea mtu mate kunaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo kitenzi kinataka mapigo mengi, na nomino ya kisheria inaridhika na mguso mmoja. Usizichanganye kwenye mtihani.

SWALI

Mwalimu wangu, habari za kazi. Mimi hutangaza mapambano ya masumbwi kwenye redio, na mara nyingi nasoma ripoti za Kiingereza kabla ya kuingia hewani. Humo nakutana na "pummel" na "pound". Wenzangu husema "kumpiga" kwa yote, na mimi naona tunapoteza ladha. Naomba maneno.

Mtangazaji, Manzese

JAWABU

Ndugu Mtangazaji, umenifurahisha, kwa sababu katika uwanja huu Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza, na utajiri wenyewe umepangwa kwa kufuata kifaa na namna ya mkono.

"Pummel" imetokana na jina la kile kitufe kilicho mwishoni mwa mpini wa upanga, ambacho Wafaransa wa kale walikiita tufaha dogo. Aliyekuwa karibu mno na adui kiasi cha kushindwa kuuzungusha upanga alimgonga kwa kitufe hicho, tena na tena. Baadaye ngumi ikachukua nafasi ya kitufe. Ndiyo maana neno hili linafaa pale bondia anapompata mwenzake kwenye kamba na kumpiga kwa karibu, kwa mikono yote miwili. Kwa Kiswahili hapo mahali pake ni "kumshushia makonde mfululizo". "Pound" ya kupiga ni nzito zaidi na ya polepole, kila pigo likibeba uzito wa mwili; haina udugu na pauni ya fedha, ingawa tahajia yake ni moja. Mwenzake wa kweli kwetu ni "kutwanga", neno lililotoka kinuni, ambako mchi huinuliwa juu na kuachwa ushuke kwa uzito wake.

Ukitaka kuyapanga maneno yako, tazama mkono umeshika nini. Kucharaza ni kwa bakora au fimbo nyembamba, na kuchapa pia huanzia kwenye kiboko, kwa hiyo mimi nisingeyatumia kwa bondia, ingawa mashabiki huyatumia. Kupura ni kwa fimbo ndefu juu ya mpunga au mtama ili punje ziachane na masuke. Kufua leo tunakuhusisha na sabuni, lakini msingi wake ni kupiga: mfua chuma hupiga chuma juu ya fuawe, na mwenye kufua nguo mtoni huzipiga juu ya jiwe. Kubamiza ni kukipeleka kitu chenyewe kikagonge mahali. Nenda Soko la Feri asubuhi umtazame muuza pweza: humshika kichwani, akambamiza sakafuni, akamgeuza, akambamiza tena, na povu jeupe likaanza kutoka, hadi mikono yote minane ya pweza ilegee na nyama iwe laini ya kupikika. Bondia hambamizi mwenzake. Wa mieleka ndiye anayebamiza.

Kuna pia njia ya kurefusha kitenzi, ambayo watangazaji wengi wanaiacha. Kutoka "piga" tunapata "pigilia", na kwa mtindo huohuo tunalo "shindilia". Fundi anapopigilia msumari hapigi mara moja. Anapiga hadi msumari uingie wote. Anayeshindilia kifusi kabla ya kumwaga zege hupiga hadi udongo usizame tena. Mwisho huo wa "-ilia" unasema kwamba tendo limeendelea mpaka likatimia, nao una nguvu ambayo "kupigapiga" haina. Ukisema hewani kwamba bondia "amempigilia makonde mwenzake kwenye kona", msikilizaji aliye kwenye daladala, asiyeona chochote, atajua kwamba mwenzake hana pa kukimbilia.

Tahadhari yangu ni moja tu. Siku hizi watu husema "alimtwanga ngumi moja akaanguka", kwa hiyo kutwanga peke yake hakumhakikishii msikilizaji kwamba mapigo yalikuwa mengi. Ukitaka wingi, ongeza "mfululizo", au taja mikono: "kulia, kushoto, kulia tena". Na mwamuzi anapoingia kati kusimamisha pambano kwa sababu mmoja ameacha kujitetea, acha kutumia maneno ya mbwembwe, useme kwa utulivu kwamba anapigwa bila kujibu na kwamba daktari anapanda ulingoni.